Kolo, Kondoa: ziara nzuri ukipeleka wanafunzi thelathini, si mia

Kwa shule ya sekondari iliyopo Dodoma mjini, Bahi, Chamwino au Chemba, ziara ya siku moja inayofundisha kuliko zote ni ya kwenda kwenye michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa. Kwa nauli ya basi moja, mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaviona kwa macho vile vyanzo vya historia alivyovikariri darasani, na mwenzake wa kidato cha tatu anasimama ukingoni mwa korongo lililochimbwa na maji ya mvua. Lakini pia ni ziara inayoharibika upesi kuliko zote. Inaharibiwa na idadi. Shule inakusanya michango ya wanafunzi mia moja ili gharama ya kila mmoja ishuke, basi mbili zinafika Kolo saa sita mchana, na wengi wanarudi nyumbani wameona kijiji, gari la kukodi na migongo ya wenzao.

Eneo lote la michoro lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na UNESCO ililiingiza mwaka 2006 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Miamba yenye michoro inakadiriwa kufika 150 au zaidi, imetawanyika kwenye miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa. Shule haiwezi kuona hata sehemu ya kumi yake kwa siku moja, wala haina haja. Kinachofaa kwa wanafunzi ni mwamba wa Mungumi wa Kolo na miamba ya jirani, ambayo kwenye maandishi ya watafiti inatajwa kwa alama B1, B2 na B3.

Barabara ya Dodoma hadi Kondoa ni lami tupu. Ukipita Mayamaya na Chemba, kisha Kondoa mjini, unafika Kolo baada ya kilomita 180 hivi. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi, na vijiji njiani ni vingi, kwa hiyo hesabu saa tatu na robo pamoja na kusimama mara moja kujisaidia. Coaster kwenda na kurudi tenga lita 60 za dizeli, zikiwemo za akiba. Ukiondoka saa 11 kamili alfajiri, unafika saa 2 na robo asubuhi. Anayeondoka saa moja kwa sababu wanafunzi wa kutwa wamechelewa kufika ameshapoteza nusu ya ziara kabla ya kuwasha injini. Dawa yake ni kuwalaza wanafunzi hao bwenini usiku wa kuamkia safari, au kukubaliana na wazazi wawalete wenyewe saa 10 na nusu.

Sasa ukweli ambao barua nyingi za maombi haziutaji: basi haliendi kwenye michoro. Kutoka kituoni Kolo, pale penye ofisi na makumbusho madogo, hadi chini ya mlima wenye miamba hiyo ni kama kilomita kumi za njia mbovu yenye mawe, mchanga na mteremko mkali mwishoni. Panahitaji gari la magurudumu manne yanayovuta, yaani hadtop la kawaida. Gari hilo linabeba watu tisa au kumi, linatumia nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Fanya hesabu. Wanafunzi 100 kwa gari moja ni safari kumi, na saa kumi zinakwisha kwa kupandisha watu peke yake. Hapo ndipo viongozi wa msafara hushawishika kukodi kenta au fuso na kuwapakia wanafunzi nyuma wamesimama. Usikubali hata kidogo. Njia ina mawe yanayorusha gari, mlima ni mkali, na mwanafunzi aliyesimama nyuma ya lori hana cha kushika zaidi ya bega la mwenzake.

Kwa siku moja, kipimo sahihi ni wanafunzi 30 na walimu watatu, kwa magari mawili. Kila gari linakwenda mara mbili. Kundi la kwanza linafika chini ya mlima saa 3 na robo, la pili saa 4 na robo, na wakati la kwanza linashuka kutoka mwamba wa juu, la pili linapanda. Hakuna anayesubiri juani bila kazi. Magari yapangwe wiki mbili kabla kupitia ofisi ya kituo, au yakodiwe Kondoa mjini, na makubaliano yataje idadi ya safari kwa siku, siyo "kupeleka wanafunzi". Dereva aliyeambiwa safari moja atadai nyongeza ya kila safari mkiwa mmeshafika, na hapo huna pa kukimbilia.

Kupanda kutoka gari linapoishia ni mwendo mfupi lakini mkali, sehemu nyingine unashika mawe kwa mikono. Raba au viatu vya kufunga kamba ni lazima. Kandambili na viatu vya shule vyenye soli laini vinateleza kwenye changarawe. Wasichana waruhusiwe suruali za michezo. Sketi ndefu ya sare inamfanya mwanafunzi ashike nguo badala ya kushika mwamba. Mwenye pumu apande na dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake mwenyewe, isibaki kwenye begi la mwalimu lililo ndani ya basi. Mwenye selimundu anaweza kwenda, ila anywe maji kila baada ya dakika 20 na apande taratibu na mwalimu mmoja wa kwake.

Juu ya mlima kuna nini? Mapaa ya mwamba yaliyojiinamia, na chini yake, kwenye kuta, michoro ya rangi nyekundu: swala, pofu, twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, vingine kama vimefumwa nywele au kuvikwa vinyago. Mistari ni myembamba kiasi kwamba mwanafunzi asiyeelekezwa hupita bila kuiona. Hapa ndipo mwongozaji wa kituo anapostahili kila shilingi. Anajua usimame wapi, mwanga ukiwa upande gani, na anaonyesha kwa kivuli cha kijiti bila kugusa. Mpe angalau dakika 25 kwa kila mwamba. Kuna mchoro mmoja ambao usiondoke bila kuusoma: watu watano, wa katikati akivutwa mikono kutoka pande mbili. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliuona kama utekaji. Watafiti waliomfuata wakauona kama ngoma ya uponyaji, ambamo mganga aliyepandwa na maruhani anashikiliwa asianguke. Mchoro mmoja, ushahidi uleule, tafsiri mbili. Hakuna ukurasa wa kitabu cha kiada unaofundisha tofauti ya ushahidi na tafsiri vizuri kuliko ukuta huo.

Juu ya nyekundu, sehemu nyingine, kuna michoro myeupe iliyopakwa kwa kidole, mistari minene, maumbo ya kukadiria. Nyeupe ikilala juu ya nyekundu maana yake nyeupe imekuja baadaye. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe amefanya kazi ya mwanaakiolojia. Nyekundu huhusishwa na wawindaji na wakusanya matunda, ambao Wasandawe wa Chemba, wenye lugha ya vidoko, huhesabiwa kuwa warithi wao. Nyeupe huhusishwa na wakulima waliozungumza lugha za Kibantu. Shule yenye wanafunzi wa Kisandawe iwape nafasi ya kutamka majina ya wanyama hao kwa lugha yao mbele ya mwamba, wakipenda wenyewe. Anayetaka kuona nyeupe kwa wingi aulizie miamba ya kijiji cha Pahi.

Swali ambalo kila kundi huuliza ni "ina miaka mingapi?" na ndilo linalojibiwa vibaya zaidi. Rangi nyekundu ni madini ya chuma yaliyosagwa. Hayana kaboni, kwa hiyo kipimo cha kaboni hakiwezi kufanyika kwenye rangi yenyewe. Kinachopimwa ni vitu vilivyofukiwa chini ya sakafu ya mapango: mkaa, mifupa, maganda ya mayai ya mbuni. Katika pango la Kisese II, ndani ya Kondoa hiyohiyo, lililochimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956, shanga za maganda ya mayai ya mbuni zimetoka kwenye tabaka zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Hiyo ni ishara ya muda ambao watu wameishi hapa, lakini siyo umri wa michoro. Mwalimu anayewaandikisha wanafunzi namba moja kama umri wa michoro yote anawapa kosa la kubeba hadi chumba cha mtihani.

Kuhusu makatazo, mwongozaji atasema msiguse, na wanafunzi watatii akiwa anawatazama. Waelezwe sababu kabla ya kupanda, darasani, ndipo watatii hata akigeuka. Jasho na mafuta ya mkono hula rangi. Maji ndiyo adui mkubwa zaidi: kwa miaka mingi wageni walimwagia michoro maji ili ing'ae kwenye picha, na kila mmwagiko uliacha utando wa chumvi na kufifisha mistari. Kwa hiyo chupa hazifunguliwi chini ya paa la mwamba. Chaki nayo inaharibu, na kukanyagakanyaga sakafu vilevile, kwa sababu vumbi linalopaa kutoka kwenye miguu hutua ukutani na kuganda. Hii ni sababu nyingine ya kutopeleka watu mia. Hata wakiwa na adabu, vumbi lao halina adabu. Watu kumi na tano chini ya paa kwa wakati mmoja wanatosha.

Mungumi wa Kolo bado ni mahali pa ibada kwa Warangi, kwa mvua, kwa wagonjwa, kwa mambo ya unyago. Ukikuta majivu, pombe ya mtama au kitu kilichowekwa mwambani, kiache hapo hapo. Wanafunzi wavue kofia wakiambiwa, wapunguze sauti, na maswali kuhusu jando na unyago wayapeleke kwa mwongozaji faraghani, siyo kwa kupiga kelele. Mashimo yaliyochimbwa na watu waliokuwa wakitafuta dhahabu ya Wajerumani yaelezwe vilevile, maana yamevuruga tabaka ambazo zingesimulia historia, na tabaka iliyochanganywa hairudi.

Nyuki. Wako kwenye nyufa za miamba, na joto la mchana huwachangamsha. Asijipulize mtu manukato siku hiyo, asirushe mtu jiwe, na sanduku la huduma ya kwanza liwe na dawa ya mzio. Wakishambulia, kundi linashuka kwa kufuata njia lililopandia, bila kutawanyika, mwalimu wa nyuma akihesabu.

Nusu ya pili ya ziara iko chini ya mlima, na shule nyingi huipita kwa dirisha la basi. Udongo mwekundu wa Kondoa umekatwa makorongo ambayo yaliifanya sehemu hii kuwa mfano wa mmomonyoko unaosomwa kote nchini. Visababishi vilipandana: kukata misitu kwa ajili ya mashamba kwenye miteremko mikali, kufyeka mapori kuondoa mbung'o wakati wa ukoloni, na mifugo mingi kupita kiasi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa matuta ya kontua, makingamaji na upandaji miti. Mwaka 1979 serikali ikachukua hatua ngumu: mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Uoto ukarudi, na baadaye ukaja ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani. Mada yote ya hifadhi ya udongo imetandazwa hapo, pamoja na mjadala mzito wa nani alilipa gharama ya uoto huo. Wazee wa Kondoa waliohamisha ng'ombe wao mwaka ule bado wapo. Mwalimu wa Historia akimwomba mmoja wao kwa heshima, kupitia ofisi ya kijiji, anapata simulizi la mdomo lililo hai.

Kazi ya korongoni haihitaji vifaa vya bei. Kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita moja, jiwe la kuning'iniza kupima kina, na kopo la bati lililokatwa pande zote mbili. Kopo linadidimizwa sentimita tano ardhini, linamiminiwa nusu lita ya maji, na mwanafunzi mmoja anashika saa. Fanyeni hivyo mara moja chini ya miti na mara moja kwenye udongo mtupu uliokanyagwa. Tofauti ya dakika ndiyo somo. Kosa linalotokea ni kumwaga maji kwa kasi hadi yatoboe udongo pembeni ya kopo. Miminia juu ya jani. Na kosa la hatari ni kusimama ukingoni kabisa. Kingo za makorongo huliwa kwa chini, zinaonekana imara huku hazina kitu ndani. Mita mbili kutoka ukingoni, wote, na kamba inashushwa na mwalimu aliyelala kifudifudi.

Kama shule ina wanafunzi 60 na haitaki kuacha nusu, isibane siku moja. Ifanye kambi ya usiku mmoja. Siku ya kwanza kundi A linapanda mlimani na kundi B linashughulikia makumbusho na makorongo; asubuhi ya pili wanabadilishana, na saa 7 mchana basi linaanza kurudi. Malazi bora ni bweni la shule ya Kondoa wakati wa likizo, kwa barua ya mkuu wa shule kwenda kwa mkuu mwenzake mwezi mmoja kabla, kila mwanafunzi akibeba shuka, chandarua na blanketi. Juni na Julai asubuhi za Kondoa ni baridi kali na upepo haulali. Mahema yanawezekana Kolo kwa makubaliano na kituo, ila kamwe msiyafunge ndani ya mto wa mchanga, hata ukiwa mkavu.

Chakula cha kubeba kiwe kisichochacha: mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga. Maziwa na mchuzi wa nyama visipande basi. Cha mchana kiagizwe kwa mama lishe wa Kondoa siku moja kabla, kwa simu na kwa malipo ya awali. Watu 60 kwa wali maharage ni kilo 12 za mchele na kilo 6 za maharage, na hakuna anayeweza kuvipika ghafla. Maji ni lita tatu kwa kila mtu kwa siku. Juu mlimani hakuna duka wala bomba. Walimu wawe mmoja kwa wanafunzi 15, na asikosekane mwalimu wa kike mwenye taulo za kike za akiba.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Mvua huanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo mto wa mchanga na njia ya mlimani vinaweza kufunga ziara nzima. Kidato cha nne na cha pili wasipangwe baada ya Septemba, mitihani ya Novemba iko mlangoni.

Makaratasi: kibali cha ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri, fomu za ridhaa zilizosainiwa na wazazi, ukaguzi wa basi na askari wa usalama barabarani, na orodha ya majina yenye muhuri wa shule ili wanafunzi watozwe kiingilio chao na siyo cha mtu mzima. Malipo ya serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba. Iombeni na kuilipa mkiwa bado Dodoma. Mtandao ukisumbua Kolo, mnakaa kituoni na saa inakwenda.

Shule isiyoweza kufika Kolo ina Kongwa, yenye historia ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kushindwa, na ya kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO katika miaka ya 1960. Dodoma mjini kuna Bunge, lakini litembelewe wakati wa vikao. Ukumbi mtupu haufundishi kitu. Zote mbili zinafaa, ila hazimpi mwanafunzi nafasi ya kusoma ushahidi kwa macho yake mwenyewe kama Kolo.

Nafasi hiyo inategemea karatasi moja. Kila mwanafunzi apande na ukurasa wenye safu tano: rangi, umbo, kimo kutoka ardhini, kipi kimelala juu ya kipi, na mchoro wa penseli wa kitu kimoja alichokichagua. Penseli, siyo kalamu ya wino, na ubao mgumu wa kuandikia. Asinakili kwa kubandika karatasi mwambani. Kila kundi lichore wale watu watano bila kuambiwa tafsiri yoyote, na waandike sentensi moja: wanafanya nini? Mwongozaji aombwe asizungumze kwa dakika kumi za mwanzo. Kesho yake darasani karatasi zibandikwe ukutani bila majina, na wanafunzi wasome sentensi za wenzao kwanza, kabla mwalimu hajataja utekaji wala uponyaji.